Tulivyomuaga Neema, Ambaye Hakuwa Anakwenda Popote

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo siku ile, ili baadaye asitokee mtu akasema nimemsingizia au kwamba yeye alikuwa safarini. Alikuwepo Mzee Kihwelo, dereva mstaafu wa ubalozi, mwenyekiti wa kila kikao cha Watanzania mjini Brussels, hata kile ambacho hakuitwa. Alikuwepo Mama Shani, kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama, mwenye simu isiyopoa. Alikuwepo Maman Béatrice wa Lubumbashi, jirani yangu wa mlango kwa mlango hapa Schaerbeek. Alikuwepo Otieno, Mkenya, mshereheshaji, pamoja na spika zake. Alikuwepo mshauri wa wanafunzi wa shule aliyosoma mdogo wangu, Mzungu mmoja mrefu ambaye jina lake nalimeza kwa makusudi. Alikuwepo mdogo wangu Neema, mwenye siku yake. Na nilikuwepo mimi, Bahati, dada mkubwa, nimeshika mfuniko wa sufuria. Wengine waliojaza ukumbi siwataji kwa sababu sikuwaalika, na hata hao niliowataja, kusema kweli, niliowaalika ni wawili tu.

Niliaibika, sifichi. Mpaka leo naweza kuwa kwenye tramu nimekaa zangu, akatokea mtu mzima na mfuko wake wa mboga akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva, "Bahati, Neema karudi lini kutoka Amerika?" nami nikageukia dirisha kana kwamba nasomea majengo.

Lakini mjue kwanza tulifikaje hapo. Baba alifariki tukiwa Morogoro, mama akaja Ubelgiji kutafuta, akapata kazi ya kupika jikoni kwenye shule moja ya Kimarekani nje kidogo ya jiji, na shule ile ina utaratibu mmoja mzuri (nautaja mapema kwa sababu mengine yake nitayasema vibaya): mtoto wa mfanyakazi anasoma pale bila ada. Mama akatuleta. Hakukaa sana, naye akafariki, na mimi niliyekuwa nimeishia kidato cha pili, Kifaransa changu bado cha kununulia mkate, nikavaa aproni yake ili Neema asipoteze kiti chake darasani. Sijuti. Supu yangu wanaifuata hadi walimu wanaosema wako kwenye mpango wa kupunguza mwili. Ila mtu aliyeacha shule mapema huwa na ugonjwa mmoja: akiitwa ofisini, shule yoyote ile, anaitikia kabla hajaambiwa.

Basi mwezi wa tatu, Neema akiwa mwaka wake wa mwisho, nikaitwa ofisini kwa mshauri. Nilikwenda na aproni yangu. Akanieleza kwamba kuna mitihani inaitwa AP, mitihani ya kiwango cha chuo ambayo mwanafunzi anaifanya akiwa bado sekondari, na kwamba Neema ameomba kuifanya. Kwa wanaokwenda Amerika ni kama nyongeza, ukifaulu unarukishwa baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza. Kwa mtoto kama Neema, aliyetaka kusomea ufamasia hapa hapa Ubelgiji, ilikuwa ndiyo mlango wenyewe, maana chuo alichokitaka hakikubali cheti cha shule ya Kimarekani kikiwa peke yake. Hilo la pili mshauri hakuniambia. Nililijua baadaye kwa Neema mwenyewe.

Alichoniambia ni hiki: "Neema ni msichana mzuri, anajituma. Lakini kwa mazingira ya nyumbani kwenu, nisingependa ajibebeshe mzigo huu. Akishindwa ataumia." Akatazama ukuta wa ofisi yake, ulikobandikwa picha za waliofaulu vizuri, wanacheka na meno yao yote. "Na si lazima kila mtu aende chuo. Jitazame wewe, kwa mfano. Jikoni unafanya kazi nzuri sana."

Jamani! Mtu anakula supu yako siku zote za wiki, halafu supu hiyo hiyo anaigeuza kuwa sababu ya mdogo wako kutosoma. Na mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Asante, nitafikiria." (Naomba msinicheke. Maneno mazuri yalinijia yote, yalinijia nikiwa nimeshafika jikoni, nikayamalizia kwenye vitunguu.)

Uandikishaji ulikuwa unafungwa Jumatatu inayofuata, na bila kauli ya mlezi na ya mshauri mtoto haandikishwi. Niliporudi nyumbani nilimkuta Neema mezani anamenya chungwa na kitabu kimesimama mbele yake kimeegemezwa kwenye chupa ya maji. Ningeweza kumuuliza pale pale. Badala yake nikasema moyoni, hili ni jambo zito, mimi siyajui mambo ya mitihani, wacha niite kikao kidogo cha watu wazima wanishauri.

Basi, hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nikawaandikia ujumbe watu wawili. Mzee Kihwelo, kwa kuwa watoto wake wamesoma mpaka wamechoka, na Mama Shani, kwa kuwa anafanya usafi kwenye ofisi za shule ile ile na anawajua wale watu kuliko wanavyojijua. Niliandika hivi: "Naomba kikao kidogo Jumamosi, ni jambo la Neema na chuo. Mengine tutaongea mkishakaa." Sikuongeza neno, kwa sababu kwetu jambo la mtoto halimwagwi kwenye simu, unaita watu, unawakalisha, unawalisha, ndipo unafungua mdomo. Ndivyo alivyofanya mama siku zote. Sasa wewe mwachie Mama Shani nafasi tupu ya namna hiyo uone kama itabaki tupu. (Baadaye alinigeuzia kibao: "Bahati, mtu anaita kikao, kuna msichana, kuna chuo, ni nini kingine hicho? Ungekuwa na shida ungesema una shida!")

Jumamosi asubuhi nikapika pilau sufuria ndogo, ya watu wanne na mmoja wa ghafla. Simu ikalia, Mzee Kihwelo.

"Kikao tumekihamishia ukumbini, ule wa parokia. Kwako hapatatosha."

"Mzee, watu wawili tu, mbona tutatosha?"

"Usiulize maswali mengi, mwanangu. Njoo na mtoto."

Mkubwa akishasema hivyo unafanyaje? Nikafunga sufuria kwa taulo, nikaipakata kwenye tramu, Neema pembeni na kitabu chake. Vituo viwili mbele wakaingia wanawake wetu, kundi zima, wamevaa sare, kitenge kipya cha rangi ya zambarau na ndege wa njano, bado kinanuka duka la Chaussée de Wavre, vilemba juu. Wakaniona, wakatazamana, wakacheka, mmoja akasema "Hongera!" nikajua anasifu harufu ya pilau. Moyo ukaniuma. Nikamwambia Neema kwa sauti ya chini, "Unaona watu hawa? Kuna shughuli kubwa leo, sare wameshona, na mimi hawakunialika. Mimi niliyewaoshea masufuria kwenye arusi ya juzi." Nikanuna vituo vyote vilivyobaki, nikiapa kwamba mwenye shughuli hiyo, awe nani, simsalimii tena.

Tulishuka nao. Tukakata kona nao. Tukaingia nao mlango mmoja.

Ndani, juu ya jukwaa, kulikuwa na kitambaa kirefu kimeandikwa KILA LA HERI NEEMA — AMERIKA. Puto kila nguzo. Meza kuu imefunikwa nyeupe. Otieno yuko kwenye spika zake anasema "Testing, testing, mmefika wenyewe!" na vigelegele vikapasuka mpaka sufuria ikanitikisika mikononi.

"Dada," Neema akanivuta mkono, "kwani ninakwenda Amerika?"

"Nyamaza kwanza."

"Lini?"

Nikamfuata Mzee Kihwelo, alikuwa amevaa suti yake ile ya sikukuu za taifa. "Shikamoo Mzee. Kikao kiko wapi?"

"Marahaba. Kikao tulishakaa, mwanangu. Kwa simu, tangu katikati ya wiki. Tumepitisha."

"Mmepitisha nini?"

"Sherehe."

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini kabla sijavuta pumzi muziki ukafunguliwa, na akina mama wakaanza kuingia kwa kucheza na zawadi. Wa mbele amebeba kichwani begi kubwa la magurudumu, jekundu, lililonunuliwa soko la Jumapili pale Gare du Midi, nyuma yake khanga doti kwa doti, nyuma yake mablanketi, nyuma yake koti zito la baridi, maana Amerika kuna baridi (tunaishi Brussels, tafadhali, mvua inatunyeshea mpaka tunaota magugu, lakini baridi yenyewe iko Amerika). Maman Béatrice alikuwa katikati na koti lile, anazunguka kama pia. Akaniona nimesimama na sufuria yangu.

"Bahati! Weye unasimama nini? Mutoto amepata chuo, donc njo tucheze!"

"Maman Béatrice, hajapata chuo chochote."

Akasimama kucheza, lakini koti bado liko juu. "Hayapata? Alors shiye tulikuya kucheza nini?"

Nilikuwa nimeshatazama meza kuu. Na pale, katikati, kwenye kiti chenye kitambaa cha dhahabu, shada la maua ya plastiki shingoni, amekaa mshauri.

Nikamshika Mama Shani kiwiko. "Yule amefuata nini?"

"Mgeni rasmi! Sherehe bila mgeni rasmi si sherehe, ni chakula tu. Nilimfuata ofisini na ndoo yangu, nikamwambia tunamsherehekea Neema, kafurahi huyo! Anapenda sana mambo ya utamaduni."

Ndugu zangu, nilitamani sakafu ya parokia ifunguke. Mtu aliyeniambia mdogo wangu asijaribu ndiye tumemwita na kumvika maua.

Otieno akamwita kwenye kipaza sauti. "Wapendwa, mgeni rasmi yuko hapa, makofi ya kilo!" Mshauri akasimama akaanza kusema kwa Kiingereza, Otieno anatafsiri, na Otieno kazi yake ni kushangilia, hivyo alikuwa anatafsiri kwa shangwe kabla hajasikia anachotafsiri.

"Anasema amefurahi sana kufika!" Vigelegele.

"Anasema Neema ni msichana mzuri!" Vigelegele.

"Anasema hakujua... hakujua kama Neema anakwenda Amerika." Vigelegele vichache, vya wale waliokuwa wameshaanza.

"Anasema haelewi, kwa sababu... Neema hajaandikishwa mtihani wowote wa chuo." Sauti ya Otieno ikaanza kushuka kama betri inayokwisha. "Anasema alishamshauri dada yake kwamba, kwa mazingira ya nyumbani... asijaribu."

Tukasikia friji ya parokia inanguruma. Halafu, mmoja mmoja, vilemba vyote vya zambarau vikanigeukia mimi, na macho yale hayakuwa yanauliza kuhusu mshauri. Yalikuwa yanauliza, kwa hiyo umetushonesha sare kwa uongo?

Aliyevunja kimya ni Maman Béatrice. "Anasema mazingira gani ya nyumba? Ile nyumba miye ninaingia kila siku! Iko propre, safi kabisa!"

Hapo ndipo hasira yangu ya siku zote zile ilipopanda. Nikaweka sufuria kwenye meza kuu, mbele ya mgeni rasmi, mfuniko nikasahau mkononi, nikamnyang'anya Otieno kipaza sauti. "Nisikilizeni! Mimi sikusema Amerika. Niliita kikao, mkaleta puto! Na wewe bwana, umekuja kula kwetu na kutusema kwetu? Neema atafanya mitihani! Yote! Yote mliyonayo pale shuleni, hata kama kuna ya Kichina, ataifanya!" Spika zikapiga yowe, nikagonga mfuniko kwenye meza kwa kila neno, na watu, ambao dakika moja nyuma walikuwa tayari kunivua kilemba nisichokuwa nacho, wakanipigia makofi kwa kusimama. Nikajiona nimeshinda.

Kisha mkono mdogo ukachukua kipaza sauti kutoka kwangu.

"Dada," Neema alisema, na ukumbi ukasikia yote, "hukuniuliza."

Makofi yakafa.

"Hakuna hata mmoja hapa aliyeniuliza. Kichina sikijui. Amerika siendi, samahanini kwa begi. Ninataka mitihani miwili, baiolojia na kemia, basi. Ndiyo chuo cha hapa kinachotaka. Nimejisomea tangu mwaka jana, na nikishindwa nitashindwa mimi, sitamdai mtu." Akamgeukia mshauri akamwambia yale yale kwa Kiingereza, kwa utulivu ule ule, na mshauri, akirekebisha shada lake, akajibu kwamba si mahali pake hapa, hayo yataongelewa ofisini.

Ofisini! Ambako mimi nakwenda na aproni na kurudi na "asante, nitafikiria." Nilijua likifika ofisini limekufa. Neema naye alijua, nikamwona anavyokikunja kile kitabu.

Mzee Kihwelo akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti. "Itifaki izingatiwe," alisema. "Kwa utaratibu wetu, mgeni rasmi hateremki bila kutoa ahadi."

Na hakuna Mtanzania asiyejua kwamba hilo ni kweli. Mgeni rasmi anakula, anasifiwa, anavikwa, halafu anaahidi, mbele ya watu, na hakai mpaka ameahidi. Otieno, ambaye alikuwa anatafuta pa kutokea, akadaka. "Ahadi! Ahadi! Mgeni rasmi, ahadi!" Muziki ukarudi. Akina mama wakatoka kwenye viti na kumzunguka wakicheza, na begi jekundu likarudi kichwani kwa aliyelileta, na koti la Amerika likarudi juu, na simu zote ziko hewani zinachukua picha. Mshauri akamuuliza Mama Shani wanataka nini. Mama Shani akamwambia neno moja tu, "Promise."

Akaingiza mkono mfukoni kutafuta pochi. Mzee Kihwelo akamzuia kwa kiganja, kama trafiki anavyosimamisha gari. "Pochi irudishe, bwana. Tunataka jina la mtoto lifike pale Jumatatu asubuhi. Baiolojia na kemia."

Alitazama kulia, kuna kitenge. Kushoto, kitenge. Akatazama mlango, yuko Maman Béatrice na koti. Akawa mwekundu kuliko begi, akasema haya, Jumatatu, mitihani miwili.

"Ameahidi!" Otieno akapiga kelele, na vigelegele vya safari hii vilimfanya padri ateremke kuuliza kama kuna mtu ameumia. (Alipewa pilau yangu. Ndiyo iliyotosha mtu mmoja wa ghafla.)

Ahadi ilitimizwa, nitamtendea haki, Jumatatu jina liliingia. Neema alifanya mitihani yake, baiolojia akafaulu vizuri, kemia akapita kwa kukwaruza, lakini kukwaruza nako kulitosha, na chuo kikampokea, hapa hapa Ubelgiji, mwendo mfupi wa treni. Alikwenda na begi lile jekundu. Begi la Amerika likapanda treni asubuhi na kushuka kabla chai yangu haijapoa.

Mkidhani hasira iliisha, haikuisha. Mwaka uliofuata nilipita ofisi ile na toroli la vyombo, nikamwona Neema ukutani, kati ya wale wa meno yote, na mshauri anawaonyesha wageni: "Huyu ni wetu, tulimtia moyo sana." Toroli likanigonga mguu. Supu yake bado nampakulia kama ya wengine, simpunguzii. Ila kuongezewa, hapo atasubiri.

Na nimeapa, jambo la Neema kwanza namuuliza Neema. Kikao siiti tena. Hata nyumba ikishika moto nitaita zimamoto, na nitawaambia kabisa kwamba ni moto, wasije na puto.

Lakini kuna deni. Siku ile baada ya sherehe nilitaka kurudisha zawadi zote, nikamfuata Mama Shani na khanga zimekunjwa, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Zawadi ya shughuli hairudishwi mlangoni, Bahati. Inarudishwa kwenye shughuli." Maana yake kila aliyenichezea nitamchezea, kila aliyebeba nitambebea, kwa sare, kwa sufuria, kwa miguu yangu. Kwa Maman Béatrice nimeshalipa, mjukuu wake alipobatizwa niliosha vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Kwa Otieno nimeshalipa, arusi yake nilipika mimi. Wa vitenge vya zambarau bado ni wengi, na mkubwa wao ni Mama Shani mwenyewe, ambaye bado hajaniita hata mara moja.

Mpaka jana. Ameniandikia: "Bahati, nina kikao kidogo Jumamosi, ni jambo la Shani. Mengine tutaongea ukishakaa."

Sijamuuliza ni jambo gani. Nimekwenda Chaussée de Wavre kuulizia kitenge, na sufuria kubwa nimeshaishusha kutoka juu ya kabati.